Chana, dal na basmati kontena moja kutoka India: nianzie wapi nisipigwe?

MamaNgamiani

Assalaam alaykum, na habari zenu wanajukwaa.

Nina duka la jumla la vyakula Tanga, Ngamiani. Wateja wangu ni akina mama wa bajia na chana bateta, wapishi wa shughuli, na hoteli tatu nne za mjini. Mwaka wa sita huu mzigo nachukua Kariakoo kwa gunia: chana (dengu) nyeupe ile kubwa, toor dal, adesi, na basmati kidogo ya harusi. Kila nikishusha gari nafanya hesabu, naona faida yote imebaki Kariakoo. Sasa tumeungana wanawake watatu wenye maduka, mimi, mmoja wa Muheza na mmoja wa Korogwe. Tumechanga, tunataka kuvuta kontena moja la futi 20 wenyewe, moja kwa moja.

Nimeanza kutafuta wauzaji wa huko. Ndani ya siku nne nimepata watu kumi na mmoja kwenye WhatsApp. Kila mmoja eti ana kiwanda chake na ghala lake. Wawili wamenitumia picha ya ghala moja, na sitanii, hata paka aliyelala juu ya magunia ni yule yule. Bei ya chana kati ya wa juu na wa chini imepishana dola 210 kwa tani. Huyo wa chini ananiita dada mpendwa kila sentensi na anataka nusu ya hela kwanza.

Naomba mliowahi mnisaidie. Nichukue bei ya FOB Mundra (mzigo ukiwa umepakiwa melini bandarini kwao) au CIF Dar (pamoja na nauli na bima hadi Dar)? Kontena moja nichanganye hivyo vitu vinne au hapana? Na nitajuaje kwamba kilichopakiwa ndicho nilichoonyeshwa? Mmoja kasema sampuli ya kilo moja iko njiani inakuja. Tungependa mzigo uwe dukani kabla ya Ramadhani.

Hela yenyewe ya mchezo na mkopo wa kikundi, kwa hiyo msinifanyie utani mwingi.

Kijana_wa_Dili

Dada mbona rahisi hiyo. Chagua mwenye nyota nyingi kwenye masoko ya mtandaoni, lipa asilimia 30, subiri meli. Mimi nilileta makava ya simu kutoka China hivyo hivyo, sijawahi hata kuongea na mtu kwa simu.

BamboLaVashi

Wa alaykum salaam Bi Ngamiani. Mimi mtoto wa Chumbageni, ila niko Vashi, Navi Mumbai, mwaka wa kumi na mbili huu. Nilikuja Pune kusoma, masomo yakaisha, nikabaki. Kazi yangu ni kuwanunulia mzigo watu wa kwetu. Naenda mandi (soko la mazao), nachoma magunia kwa bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, nasimama mlangoni kontena likipakiwa, nalipwa kwa tani. Nayasema haya mapema ujue naongea nikiwa upande gani. Kazi kwako siombi. Kontena moja mnaweza kulisimamia wenyewe mkijua pa kukodolea macho.

Kijana_wa_Dili, kava la simu halibunguliwi na fukusi. Tuendelee.

Kabla ya muuzaji, tazama orodha yako, maana robo tatu yake si ya kuagiza huku. Toor dal ni mbaazi. India inalima mazao ya jamii ya kunde kuliko nchi yoyote duniani, lakini pia inayala kuliko yeyote na kuyaagiza kuliko yeyote. Mbaazi zake hazimtoshi, ananunua Tanzania, Msumbiji, Malawi na Myanmar. Mbaazi ya Babati inapanda meli, inafika huku, inakobolewa, inapasuliwa, inapakwa mafuta kidogo ing'ae, halafu wewe unaifuata huku imebadilishwa jina. Agosti 2017 serikali ya huku ilipoweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi za nje, simu yangu haikulala, watu wa Manyara na Lindi wananiuliza kama kuna mlango wa nyuma. Haukuwepo, na bei ilivyoporomoka kwetu mnaikumbuka. Toor dal tafuta aliyekoboa hapo hapo nyumbani.

Dengu ndogo za kahawia, kadhalika: Shinyanga na Simiyu wanalima na wanawauzia Wahindi. Adesi nyingi zinazozunguka kwenye masoko ya huku zimetoka Kanada na Australia, kwa hiyo hapa unamkuta mtu wa kati mwenzako. Basmati ni ya huku kweli, lakini mchele uko kwenye orodha ya bidhaa nyeti ya ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, 75%. Weka hiyo kwenye kikokotoo kwanza ndipo uote harusi. Isitoshe basmati ina michezo yake: umelipia aina ya 1121, ndani wamekuchanganyia aina ya 1509, na kwa macho tu huwezi kuzitenganisha mpaka uwe umezila miaka.

Kinachobaki ni chana nyeupe kubwa, kabuli. Huo ndio mzigo wako, na ujaze kontena zima kwa hiyo peke yake. Tani 24 ni magunia 960 ya kilo 25. Wanawake watatu, kila mmoja magunia 320, yatakwisha. Ukichanganya vitu vinne unakuwa na vipimo vinne vya kugombania, na mwizi anachagua kile usichokijua vizuri.

Chana hiyo inatoka zaidi Madhya Pradesh, na soko lake kubwa ni Indore. Pale sokoni wanaiita dollar chana. Mavuno mapya yanaanza kuingia Februari, Machi na Aprili ndiyo kilele, matela ya trekta yamepanga foleni tangu alfajiri. Utajisikia nyumbani, kwa sababu mtu wa kati anaitwa dalal, laki ni laki yetu, na ukisema gunia au bima wanaelewa. Bei ya pale inatajwa kwa rupia kwa kwintali, yaani kilo 100. Serikali yao ina tovuti inaitwa Agmarknet, inaweka bei za masoko kila siku. Chukua bei ya Indore, zidisha kwa kumi, geuza kuwa dola. Hiyo ni tani moja ya chana mbichi, haijapepetwa, haijapita kwenye mashine ya kuchambua rangi, haijatiwa gunia, haijapanda lori kwenda Mundra. Sasa mrudie huyo anayekuita dada mpendwa. Kama bei yake ya bandarini iko chini ya bei ya mkulima sokoni, anakuuzia kitu gani?

Kitu cha pili ni saizi. Wauzaji watakwambia kubwa, kubwa sana, daraja la kwanza. Hayo ni maneno ya matangazo. Chana inauzwa kwa hesabu ya punje ndani ya aunsi moja, gramu 28.35. Ile kubwa ya kutisha ni 42/44, inayofuata 44/46, ya kati 58/60, ndogo 75/80. Namba ikipanda punje inakuwa ndogo, na bei inashuka. Huna haja ya mizani ya aunsi. Pima gramu 100 kwa mizani ya jikoni, kaa chini, hesabu. 58/60 itakupa punje kama 205 hadi 212. 75/80 itakupa 265 hadi 282. Mimi nilifundishwa na mzee mmoja wa Indore, yeye anahesabu kwa vidole vitatu huku anatafuna tambuu, na hakosei.

Sasa swali lako la mwisho, la kilichoonyeshwa na kilichopakiwa. Hapo ndipo nilipoliwa.

Mei 2016, mzigo wa mtu wa Mombasa, ghala liko nje kidogo ya Indore. Nilichoma bambo magunia arobaini, juu, katikati, chini ya lundo. Kote punje safi, 58/60, nyeupe kama meno ya mtoto. Siku ya kupakia nikaambiwa kontena limekwama njiani, halifiki mpaka jioni. Joto limepita digrii 40. Mwenye ghala akanichukua kwake, mkewe kapika dal bafla, yale madonge ya ngano yaliyochemshwa yakachomwa, yanaloweshwa kwenye samli. Nilikula nikavimbiwa, nikajinyoosha kwenye kitanda cha kamba uani. Kurudi saa kumi na moja, kontena limejaa, milango imefungwa, sili imeshapigwa. Eti liliwahi. Nikapiga picha ya sili kama mtu aliyefanya kazi.

Mombasa makuli walipofungua, mistari minne ya mlangoni ilikuwa ile ile niliyochoma. Nyuma ya hapo hadi ukutani ni 75/80, na baadhi zimetobolewa, ukiinua gunia unga unamwagika. Mwenye ghala hakupokea simu tena. Mzigo nilikuwa nimeuthibitisha mimi, kwa hiyo nusu ya hasara nililipa mimi, miezi kumi na minne. Sijawahi kula chakula cha bei ile tena.

Tangu hapo gunia nililochoma nalipiga alama ya rangi, bambo naliingiza tena wakati gunia liko begani mwa kuli linaelekea mlangoni, na chakula changu cha mchana ni ndizi na chai hapo hapo kwenye ngazi ya lori. Wewe uliye Tanga weka kampuni ya ukaguzi, SGS, Bureau Veritas, Intertek, zote wana ofisi huku. Lakini maelekezo yaandike wewe, usimwachie muuzaji: sampuli zichukuliwe WAKATI WA KUPAKIA, sio ghalani siku moja kabla, picha ya kila safu, namba ya kontena na ya sili ziandikwe kwenye ripoti. Mkaguzi umlipe wewe. Anayelipwa na muuzaji ni mgeni wa muuzaji.

Mkataba uandike kwa namba. Kabuli ya mavuno ya mwaka gani, hesabu gani, unyevu usizidi asilimia ngapi (mimi naweka 12), zilizotobolewa na wadudu ngapi, mawe na takataka ngapi, gunia jipya la kilo 25. Muuzaji akisema haya yote ya nini dada, sisi ni watu wa kuaminiana, muage kwa adabu.

Hela: LC, yaani benki kumlipa muuzaji akishaleta hati sahihi, ndiyo salama zaidi, lakini kwa kontena moja wauzaji wengi wadogo wanaikimbia na gharama za benki zitawauma. Njia ya kati ni asilimia 20 au 30 mwanzo, iliyobaki baada ya ripoti ya ukaguzi na nakala ya hati ya meli. Nusu kabla, hapana. Kila anayeuza nje kutoka India lazima awe na namba ya IEC, namba yake ya usajili wa biashara ya nje, mwombe, uitazame kwenye tovuti ya DGFT, idara yao ya biashara ya nje, kama jina ni lile lile lililo kwenye akaunti ya benki. Na siku barua pepe ikija kwamba akaunti imebadilika, usijibu barua pepe. Piga simu ya video umwone mtu uso.

La mwisho, weka kipengele cha serikali kubadilika. Ngano ilifungwa kuuzwa nje tarehe 13 Mei 2022. Mchele mweupe usio basmati ulifungwa tarehe 20 Julai 2023, ukafunguliwa Septemba 2024. Mikunde ilifungwa tangu 2006, ikaachiwa yote Novemba 2017. Kabuli yenyewe iliruhusiwa hata marufuku hiyo ya mikunde ikiwepo, lakini andika: wakifunga kabla mzigo haujapanda meli, malipo ya awali yanarudi ndani ya siku kadhaa. Bila mstari huo hela yako itakaa huku inajifunza Kihindi.

Nafaka_Nairobi

Mzee wa Vashi ameongea. Mimi naongeza kitu kidogo tu kuhusu majina, kwa sababu kiliniumiza.

Huku Kenya ndengu ni zile za kijani, ambazo watu wa Bongo mnaita choroko. Adesi sisi tunaita kamande. Sasa mimi nikaongea na broka mmoja wa Dar kwa simu, nikamwambia boss nataka ndengu tani tano safi za kutoka India. Yeye akasikia dengu. Tukakubaliana bei, na bei ilinifurahisha kweli, nikadhani nimepata mjinga. Lori likafika, nikafungua gunia la kwanza: chana. La pili: chana. Jamaa hakunidanganya hata kidogo, alileta kile alichoambiwa kwa Kiswahili cha kwao. Nilikaa na chana miezi minne, nyingine nikapeleka kwa harambee ya kanisa.

Siku hizi kwa oda hakuna jina pekee, naweka na namba ya forodha. Chana ni 0713.20. Ndengu (choroko) ni 0713.31, na urad nyeusi iko humo humo, kwa hiyo hapo andika rangi pia. Kamande 0713.40. Mbaazi 0713.60. Mhindi, Mtanzania na Mkenya wote wanaelewa namba.

Makaratasi_Kurasini

Bi Ngamiani, mimi natoa mizigo bandarini Dar. Hapo kwenye FOB au CIF: bima ya mzigo unaoingia Tanzania inatakiwa ikatwe kwa kampuni za hapa nchini. Ukichukua CIF ya muuzaji utalipa bima ya kwake na bado ukate ya hapa. Chukua FOB kama una wakala wa meli unayemwamini, la sivyo mwambie akupe bei ya mzigo na nauli hadi Dar bila bima.

Kibali cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, kikatwe KABLA mzigo haujapakiwa, sio meli ikiwa Zanzibar. Kibali kinaeleza masharti ya afya ya mimea, na cheti cha huko India lazima kiyaseme masharti hayo hayo. Mtumie muuzaji nakala ya kibali, amkabidhi mtu wao wa karantini. Wanaogopwa hasa fukusi wa khapra, huyo akionekana mzigo una kesi. Cheti cha ubora cha TBS nacho hufanyiwa ukaguzi huko huko kabla ya kuondoka, kwa hiyo ukaguzi wa TBS na ule wako binafsi upangwe siku moja, mlango ufunguliwe mara moja.

Majina na uzito vifanane kwenye kila karatasi. Nimeona kontena likikaa wiki tatu linakula demareji, tozo ya kuchelewa, kwa sababu ankara ilisema tani 24 na cheti cha kufukiza kikasema 24.5.

Halafu hili watu hawalisemi: mikunde inafukizwa kwa vidonge vya fosfini. Kontena likifika, fungua milango yote miwili uache hewa ipite saa kadhaa kabla kuli hajaingia. Ile harufu ya kitunguu saumu si ya chana. Mtu anakufa mle ndani.

MamaNgamiani

Jamani sijui niwashukuru vipi. Kaka wa Chumbageni, nimecheka na dal bafla halafu nikaona si jambo la kucheka.

Tumekaa jana, toor dal na adesi tumezifuta. Muheza kanuna kidogo kwa basmati, tumemwonyesha ile 75% kanyamaza. Wale kumi na mmoja niliwatumia swali moja tu: hesabu ngapi kwa aunsi, mavuno ya mwaka gani? Wanne hawajajibu. Wawili wamesema "kubwa sana". Dada mpendwa kanitumia picha ya paka. Wanne wamejibu kwa namba.

Ila hapo kwenye mavuno umenitia wasiwasi. Kama chana mpya inaingia Februari, na sisi tunataka mzigo uwe dukani kabla ya Ramadhani, si nitakuwa nanunua ya mwaka jana?

BamboLaVashi

Ndiyo, utakuwa unanunua ya mwaka jana. Si dhambi, ila ilipwe kama ya mwaka jana.

Chana kuukuu kuna aina mbili huku. Iliyokaa kwenye ghala la baridi, hiyo inabaki nyeupe na fukusi hawaifikii. Na iliyokaa kwenye ghala la kawaida ikapigwa na mvua za Juni hadi Septemba, ambayo hupepetwa na kuchaguliwa upya, ikauzwa kwa jina zuri. Ya pili ukiisugua kiganjani inaacha unga mwembamba, na rangi imeanza kuelekea chai ya maziwa. Mwombe aandike kwenye mkataba ilikohifadhiwa, na mkaguzi aende huko huko ghalani akaone.

Sampuli ikifika usiishie kuitazama. Hesabu punje 100, loweka usiku kwa maji ya kawaida bila magadi, asubuhi ziguse moja moja. Punje mpya inavimba karibu mara mbili na ganda linateleza. Kuukuu utakuta zimebaki ngumu kama kokoto katikati ya zilizolainika, na hizo ukizichemsha mama wa chana bateta atamaliza mkaa wa siku mbili. Zikizidi tano katika mia mimi siinunui kwa bei yoyote. Wateja wako watakulaumu wewe, Indore hawaijui.

Kuhusu muda: kutoka muuzaji anapokubali mpaka gunia kuingia Ngamiani, usihesabu chini ya miezi miwili kwa mara ya kwanza. Bahari yenyewe ni wiki mbili tatu, Mundra hadi Dar si mbali, mababu walikuja kutoka Kachchh hiyo hiyo kwa jahazi na kaskazi. Siku zinaliwa na karatasi. Kama hesabu haifiki, Ramadhani hii nunua Kariakoo kama kawaida, halafu mvute chana mpya ya Machi. Mwenye haraka huku wanamnusa kwenye simu.

MamaNgamiani

Sampuli imefika leo. Imeandikwa 58/60 kwa kalamu juu ya mfuko.

Nimemkalisha binti yangu mezani na mizani ya keki. Gramu 100. Kahesabu mara mbili, mara ya pili kwa kuzipanga kumi kumi kwenye sinia. 271 zote mara mbili. Nimeloweka mia pia, asubuhi zilizobaki ngumu ni mbili tu.

BamboLaVashi

271 ni 75/80, Bi Ngamiani, haina mjadala. Lakini ngumu mbili katika mia ni chana nzuri, ndogo tu. Kwa chana bateta inafaa kabisa, hoteli ndizo zitalalamika.

Mtumie picha ya sinia zikiwa zimepangwa kumi kumi hivyo hivyo, na neno moja: nipe bei ya 75/80. Akishusha, huyo unaweza kuendelea naye. Akisema mizani yako mbovu, bado unao watatu. Na binti akimaliza shule niambieni, nina kazi yake huku.